Oili chafu isimwagwe kwenye mashimo yote

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu mashimo ya matofali. Nafyatua matofali huku Chamwino. Mvua za Desemba zikianza, mashimo tuliyochimba udongo hujaa maji, na mengine hayakauki mpaka masika yaishe. Mwaka huu kikao cha kitongoji kimeamua yote yamwagiwe oili chafu, kuua mbu. Kuua mbu sina ubishi. Ila hakuna aliyechungulia kwanza mle ndani mna nini.

Shimo langu la zamani lina wadudu wanaoogelea chali, tumbo juu, wakijisukuma kwa miguu mirefu ya nyuma yenye vinyweleo. Wataalamu huwaweka katika familia ya Notonectidae. Walio wa jenasi ya Anisops wana himoglobini mwilini inayowahifadhia oksijeni, ndiyo maana huweza kutulia katikati ya maji, hawapandi, hawazami. Wakiwa hapo huvizia viluwiluwi vya mbu. Akimdaka mmoja, humchoma kwa mdomo wake mkali na kumfyonza. Watoto wakioga huchomwa pia, na maumivu yake ni ya nyuki. Nahisi ndiyo sababu kikaoni hakupatikana wa kuwatetea.

Shimo lililojaa juzi, ukichota kopo moja viluwiluwi vinacheza tele. La zamani unachota, huambulii kitu. Tena si kuliwa tu: majaribio yaliyofanyika Kenya magharibi na kuchapishwa 2006 yalionyesha kuwa Anopheles gambiae, mbu wa malaria, hutaga mayai machache penye maji waliyokaa wadudu hawa.

Oili hutanda juu ya maji, na kwa kuwa mbu mchanga na adui yake wote huja juu kuvuta hewa, watakufa pamoja. Mvua kubwa ikifurisha shimo na kuichukua oili, atakayewahi kurudi ni mbu, maana kwa joto letu hutoka yai hadi kuruka kwa siku kumi hivi. Anayemla huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Na mbuzi watakunywa wapi?

Sisemi wadudu watamaliza malaria. Chandarua natundika kila usiku. Mashimo yasiyo na kazi yafukiwe, madimbwi mapya yashughulikiwe, yenye wadudu hawa yaachwe. Mwenyekiti anasema oili imeshanunuliwa. Basi tupake nguzo za mazizi, mchwa wametuelemea.

Mfyatua matofali,
Chamwino, Dodoma