Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa za akili tufundisheni mgonjwa akiwepo

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni daktari, nimemaliza intaniship (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo) juzijuzi tu hapa hapa Tanzania, na kilichonifanya nikuandikie ni shingo ya kijana mmoja.

Aliletwa usiku shingo imepindia nyuma, macho yamepanda juu, ulimi nje, ndugu zake wanasoma dua maana walishaamini jini limerudi, na mimi na koti langu jeupe nikawa nawaza pepopunda. Sista mmoja mtu mzima akauliza tu, "kaanzishiwa dawa gani huyu?" Haloperidoli, dawa ya kutuliza mtu aliyechanganyikiwa, siku ya tatu. Akaniambia andika promethazini ya sindano, na wala saa haikuisha shingo ikarudi, kijana akaomba maji. Na hiyo haloperidoli iliyompindisha shingo nilimwandikia mimi! Na swali la hivyo kwenye mtihani nililipata vizuri kabisa.

Ndo shida ilipo mheshimiwa. Majina na dozi tunakariri, ila wodini mtu analetwa na fujo, anachomwa sindano, analala, sisi tunahamia idara nyingine, akirudi kliniki hatupo. Ndo maana fluoksetini, dawa ya sonona inayotaka wiki kadhaa ndo kazi yake ionekane, mgonjwa anaiacha siku ya kumi na sisi tunakimbilia kubadilisha. Mtu katoka kusema anataka kufa halafu anaondoka na amitriptilini, nayo dawa ya sonona, ya miezi miwili kwenye mfuko, wakati akizimeza zote kwa mkupuo moyo unaweza kusimama. Valproeti nayo, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, anaandikiwa binti wa miaka 20 bila hata kuulizwa habari za uzazi wa mpango, na ile inaweza kumlemaza mtoto tumboni.

Naomba kila intani apewe wagonjwa wake kliniki ya akili, hata watano tu, awafuate miezi mitatu, awapime uzito, aangalie mikono kama inatetemeka, aulize na mambo ya chumbani (hayo wanaume wengi hawasemi, wanaacha dawa kimyakimya).

Najua utasema mabingwa wa akili ni wachache, kweli, lakini manesi waliosomea magonjwa ya akili wapo, waruhusiwe kutufundisha na kutusainia. Mimi hiyo shingo nilifundishwa na sista, na kwenye logibuku yangu (daftari la kusainiwa tulichojifunza) hakukuwa na sehemu ya yeye kuweka sahihi.