Wenye jimu, tuonyesheni na vyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye jimu wa Dar es Salaam. Mkimpokea mwanamke wa makamo, msimpandishe kwenye mashine ya kukimbilia mkamwacha huko mpaka mwezi aliolipia uishe. Mwonyesheni na vyuma.

Mimi ni fundi cherehani wa Tabata, nina miaka 49. Kazi yetu ni ya kuinama kutwa, na maumivu ya mgongo na mabega ndiyo yaliyonipeleka mazoezini. Jimu ya kwanza niliyolipia ilikuwa na vioo na feni kila kona, lakini nilipogusa dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika mkono mmoja, mwalimu alinirudisha: "Mama, hizo acha, utatoka misuli kama mwanaume." Si kweli hata kidogo. Misuli mikubwa hutafutwa kwa miaka, kwa vyuma vizito na kwa kula sana. Sisi tunaokaribia kukoma hedhi ndio hasa tunaovihitaji vyuma, maana homoni zikishuka mifupa nayo hudhoofika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na kutembea na kukimbia.

Nikahamia jimu ya uswahilini, nyuma ya gereji. Vyuma vyake vingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuchomekwa bomba. Pale nilimkuta kijana anayebeba mizigo Kariakoo, akanishikisha bomba tupu. "Mama yangu, kabla hujainua kitu, funga mlango kwa makalio." Nikarudisha makalio nyuma, bomba likashuka taratibu likigusa mapaja mpaka chini kidogo ya magoti. Akachukua mpini wa fagio, akausimamisha mgongoni kwangu: uguse kisogo, uguse kati ya mabega, uguse juu kidogo ya makalio. Mpini ukiachia sehemu moja, narudia. Siku hiyo hatukuongeza uzito wowote, lakini nilitoka nikijua mgongo wangu unatakiwa ukae vipi. Tangu hapo sijali nani ananitazama. Woga wote ule ulikuwa wa kutojua pa kuanzia, na wanawake wengi ninaowashonea wanao huo huo.

Sasa ninachoomba. Nondo ndefu ya jimu za kisasa, hata kabla ya kuwekewa sahani za uzito kwenye ncha zake, ina kilo 20, na mgeni haambiwi. Wekeni nondo nyepesi na dambeli za kilo 2 na 3, na uzito uandikwe usomeke. Mgeni afundishwe kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kusukuma na kuvuta. Hayo yanamtosha kwa muda mrefu. Aambiwe pia namna ya kuchagua uzito: ule anaoweza kuuinua mara 10, zile za mwisho zikiwa ngumu lakini mgongo haujapinda. Ukishakuwa rahisi, aongeze kidogo.

Walimu wenu nao wasikae kwenye benchi na simu wakati mtu anahangaika mbele yao. Na kama mafunzo yana malipo yake, bei hiyo ibandikwe mapokezi pamoja na ada ya mwezi, mtu aione kabla hajatoa hela.

Fundi cherehani,
Tabata, Dar es Salaam