Wanafunzi wa Linux wawashiwe mapendekezo ya amri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakufunzi wenzangu wa kompyuta, hasa wanaofundisha mfumo endeshi wa Linux vyuoni, kuhusu desturi ya kumkabidhi mwanafunzi teminali (dirisha la kuandikia kompyuta amri) isiyomsaidia lolote.

Bash, programu inayopokea amri ndani ya teminali, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, hukamilisha jina la amri au la faili pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha Tab. Asiyekijua kitufe hicho huandika njia nzima ya faili herufi kwa herufi, akikosea moja anaanza kutafuta kosa liko wapi. Fish, programu nyingine ya aina hiyo ambayo Axel Liljencrantz aliitoa mwaka 2005, humwonyesha mtumiaji mwendelezo wa amri kwa rangi iliyofifia kadiri anavyoandika, ukitokana hasa na amri alizokwisha kuzitumia, na mshale wa kulia unatosha kuukubali. Akiandika kistari kisha akabonyeza Tab, huorodheshewa machaguo ya amri hiyo pamoja na maelezo mafupi ya kazi ya kila moja. Zsh, ya tatu ya aina hiyo, nayo hupata mapendekezo ya namna hiyo kwa kuongezewa programu ya zsh-autosuggestions, ambayo ni ya bure.

Wapo wanaoshikilia kwamba msaada huu hulea uvivu. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mwanafunzi aliyekariri "tar -xzf", amri ya kufungua kifurushi cha faili, kwa ajili ya mtihani mara nyingi hawezi kueleza kila herufi inafanya kazi gani, ilhali anayesoma maelezo yake kwenye skrini kila anapoitumia huelewa anachokiagiza.

Hofu yangu iko kwingine. Pendekezo linalotoka kwenye kumbukumbu ya amri zilizokwisha kutumika halitambui kwamba "rm -rf" ya jana ilifuta folda ya majaribio na ya leo itafuta kazi ya mtu, hivyo mwanafunzi azoezwe kusoma mstari wote kabla ya kubonyeza Enter. Nywila nazo zisiandikwe kamwe ndani ya amri, maana huhifadhiwa katika faili ya kumbukumbu na zinaweza kujitokeza mbele ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo nawaomba wasimamizi wa maabara ambamo darasa zima hutumia akaunti moja wampe kila mwanafunzi akaunti yake kwanza, ndipo wawashe mapendekezo.

Mkufunzi wa kompyuta,
Morogoro