Jumla ya wanyama peke yake haitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie habari za uhifadhi. Karibu kila taarifa ya wanyama walio hatarini kutoweka hutaja jumla yao na kuishia hapo, ilhali kasi ya kupotea kwa tofauti za vinasaba huamuliwa na idadi fanisi, yaani kipimo kinachozingatia ni wangapi hasa wanaozaa na kwa uwiano gani.

Tuchukue kundi la wanyama 100 waliokomaa. Wakiwa madume 50 na majike 50, wote wenye nafasi sawa ya kuzaa, idadi fanisi ni 100. Wakiwa madume 10 na majike 90, kwa kanuni ya mwanasayansi Sewall Wright idadi hiyo hushuka hadi 36, na upotevu wa tofauti za vinasaba katika kila kizazi hupanda kutoka asilimia 0.5 hadi karibu 1.4. Hasara hii huletwa na bahati tupu: mzazi humrithisha mtoto nusu tu ya vinasaba vyake, na pale wazazi wanapokuwa wachache, jeni iliyo nadra ikikosa kurithishwa mara moja imetoweka, hata kama ilikuwa na manufaa.

Zaidi ya hayo, kizazi kimoja cha uhaba huacha athari ya muda mrefu. Kundi lililokuwa na wazazi 1,000 kwa vizazi vinne na 20 kwa kizazi kimoja lina wastani wa kawaida wa 804, lakini idadi fanisi yake kwa kipindi hicho ni takriban 93, kwa kuwa hukokotolewa kwa wastani unaovutwa zaidi na kizazi chenye wachache. Sili-tembo wa kaskazini, mamalia wakubwa wa baharini waliowindwa kwa ajili ya mafuta katika karne ya 19 hadi wakabaki wachache mno, leo wamepita 100,000. Hata hivyo tofauti zao za vinasaba ni finyu sana, na dume mmoja kumiliki majike wengi kuliongeza hasara hiyo. Ongezeko la vichwa halirudishi kilichopotea. Damu mpya, yaani wanyama kutoka kundi jingine, husaidia, kama ilivyothibitika katika jimbo la Florida, Marekani, baada ya puma (paka wakubwa wa mwituni) majike 8 kuletwa kutoka jimbo la Texas mwaka 1995.

Kwa hiyo nawasihi waandishi wenu, kila wanapoarifiwa kwamba wanyama fulani wameongezeka, waulize pia ni madume wangapi wanaozaa, idadi iliwahi kushuka hadi wapi, na kama kundi hilo bado linapokea wageni kutoka makundi mengine.

Msomaji wenu