Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: mtafiti wa saratani asipimwe kwa hesabu ya nukuu pekee

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkutubi. Kwa miaka mingi hapa Mombasa nimekuwa nikiwatafutia madaktari na wahadhiri makala na, msimu wa kupandishwa vyeo ukifika, kuwahesabia ni mara ngapi kazi zao zimenukuliwa na wataalamu wengine. Nakuandikia kabla ofisi yako haijachagua watafiti wa kushirikiana nao, kwa sababu naona hesabu hizo zikiaminiwa kupita kiasi.

Mwaka jana nilimsaidia mtafiti wa saratani ya mlango wa kizazi kujaza fomu ya taasisi ambayo sitaitaja. Fomu ilidai fahirisi ya h, kipimo alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye fahirisi ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Kompyuta ilimpa 4. Nilipochungulia nikakuta imemgawa kuwa watu watatu, maana wengi wetu huku Pwani hatuna jina la ukoo. Tuna jina letu, la baba na la babu. Jarida moja lilichukua la baba, jingine la babu, na la tatu likaligeuza jina lake mwenyewe kuwa la ukoo. Tulikaa jioni mbili tukiunganisha, fahirisi ikafika 7, lakini muda wa kupokea fomu ulikuwa umekwisha. Namba ya utambulisho wa mtafiti iitwayo ORCID, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ingemwokoa, ila fomu haikuwa na nafasi yake.

Hata majina yakinyooka, hesabu ina upofu wake. Jarida la Marekani liitwalo CA: A Cancer Journal for Clinicians limekuwa likiongoza duniani kwa wastani wa kunukuliwa, hasa kwa sababu ya makala zake za takwimu, ambazo karibu kila anayeandika kuhusu saratani huzitaja katika aya ya kwanza. Takwimu za aina hiyo huanzia kwa makarani wa rejista za saratani, wakiwemo wa Nairobi na Eldoret, wanaofungua faili moja baada ya jingine, na ambao majina yao hayanukuliwi na yeyote.

Tena nukuu huchelewa. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 makala kuhusu uvimbe wa taya za watoto, na mwanzoni ni wachache walioijali. Machi 1961 alitoa mhadhara London, Anthony Epstein akiwa miongoni mwa wasikilizaji, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona katika seli za uvimbe huo. Kamati ambayo ingehesabu nukuu za Burkitt mwaka 1960 ingemnyima fedha.

Sisemi hesabu zitupwe. Aliyechapisha miaka 15 bila kunukuliwa hata mara moja ana swali la kujibu, na anayejinukuu mwenyewe kila ukurasa ana maswali mawili.

Ninachoomba ni kwamba mwombaji achague makala zake 5 na aeleze kila moja imebadilisha nini, na kamati izisome. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, kuhusu namna ya kutathmini utafiti, lilikwisha kuonya kwamba umaarufu wa jarida usitumike kumpima mtafiti. Pia naomba ripoti za Kiswahili zihesabiwe. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 10 ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019, na anayewaandikia wauguzi wa Likoni na Kisauni jinsi ya kuzungumza na mzazi mwenye wasiwasi anafanya kazi ya saratani, ingawa hakuna kanzidata itakayomwona.

Nakala ya fomu ile ninayo, pamoja na rasimu ya nyingine. Naweza kuzileta ofisini kwako siku yoyote ya kazi baada ya saa nane mchana.

Wako mwaminifu,
Mkutubi, Tudor, Mombasa