Rasimu ya mwongozo wa wafanyakazi: isomeni kabla ya Jumamosi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Rasimu ya kitabu cha mwongozo nimeiweka hapa kikundini. Isomeni, na msinyamaze.

Likizo hazina mjadala mrefu, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 imeshaweka kiwango: siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo, uzazi miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Kuzidisha twaweza, kupunguza hatuwezi.

Ninapotaka tukae sana ni safari za baharini. Mtu akitumwa Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, nani anaamua kwamba bahari leo haifai? Naona ni nahodha, na neno lake liwe la mwisho hata kama mfadhili yuko gatini anangoja. Kila abiria avae jaketi la kuokolea. Akikwama huko kwa sababu ya kusi, chakula na malazi ni juu ya ofisi, wala siku hizo zisikatwe kwenye likizo yake.

Kuhusu unyanyasaji wa kijinsia, sheria inawalazimu waajiri wenye watu 20 na zaidi kuwa na sera. Sisi hatufiki idadi hiyo, lakini nimeiweka, maana katika ofisi ndogo mlalamikaji hana pa kukimbilia. Nimependekeza malalamiko yapokewe na mjumbe wa bodi, si meneja. Kina dada, hapa nawasubiri nyinyi hasa.

Tukutane Jumamosi baada ya swala ya alasiri, ofisini Langoni. Bi Mwenyekiti, tafadhali njoo na mikataba ya zamani tuilinganishe.