Vinkristini haichagui seli

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vinkristini, dawa ya saratani itokanayo na mmea wa Madagaska uitwao Catharanthus roseus, ilidai kwamba dawa hiyo huzitambua seli mbovu na kuziacha nzima. Haina uwezo huo, na anayeamini hivyo hataelewa madhara yake.

Vinkristini hunasa kwenye tubulini, protini iliyomo katika seli zote. Tubulini huungana na kuunda mikrotubuli, vijibomba vyenye kipenyo cha nanomita 25 hivi, ambavyo seli huvijenga na kuvibomoa kila wakati. Seli inapogawanyika, vijibomba hivyo ndivyo huvuta kromosomu, nyuzi zibebazo urithi, nusu huku, nusu kule. Vinkristini ikishika ncha za vijibomba, ujenzi hukwama. Kromosomu hubaki katikati, na seli iliyokwama hivyo aghalabu hujiua. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani iliyopatikana kwanza katika magome ya mti wa Taxus brevifolia, hufanya kinyume: huvikaza vijibomba visibomoke. Seli hukwama vilevile.

Saratani huumia zaidi kwa kuwa seli zake nyingi zimo katika kugawanyika. Mbona basi neva (mishipa ya fahamu), zisizogawanyika, nazo huumia? Mikrotubuli ndiyo njia ya kusafirishia mahitaji ndani ya neva, na neva ndefu huathirika mapema: ganzi vidoleni, wayo usioinuka. Neva za utumbo zikidhoofika, choo hufunga, hata utumbo kusimama kabisa. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanza mapema, si baada ya tumbo kuvimba. Kwa sababu hiyohiyo dozi, kwa kawaida miligramu 1.4 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, mara nyingi haivushwi miligramu 2. Mgonjwa akimeza pia itrakonazoli ya kutibu kuvu, ini huchelewa kuivunja vinkristini, na dozi sahihi hugeuka kubwa mno.

Makala haikugusa hatari kubwa kuliko zote. Vinkristini hupita katika mshipa wa damu tu. Wagonjwa wa saratani ya damu huweza kudungwa metotreksati, dawa nyingine ya saratani, katika uti wa mgongo siku ileile, na mabomba mawili ya sindano yakichanganywa kimakosa, vinkristini iliyoingia mgongoni karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani hushauri iandaliwe katika mfuko mdogo wa dripu, maana mfuko haufanani na bomba la sindano.

Wafamasia wa dawa za saratani